Sauti ya Kumtoa Nyoka Pangoni: Nani Bingwa wa Waimbaji Wetu wa Kike?

Ugomvi wenyewe ulianza kwa jambo dogo. Umeme ulikuwa umekatika bwenini, hakuna aliyeweza kusoma, na mwenzetu mmoja mwenyeji wa Tanga akaweka kwenye simu wimbo wa Bi Shakila. Ulipokwisha akatangaza, kama hakimu anayesoma hukumu, kwamba nchi hii haijapata kuzaa sauti ya mwanamke ya kuipita hiyo, na wala haitazaa. Weee! Mwenzetu wa Unguja aliinuka kitandani. "Siti binti Saad umemweka wapi? Na Bi Kidude je?" Binti wa Temeke akacheka, akasema eti sisi sote tunazungumzia makumbusho, malkia ni Khadija Kopa, hana mpinzani. Nami, kwa kuwa natoka Mvumi, Kilosa, sikuwa na hiari. Nilimtaja Rose Muhando, mzaliwa wa Dumila, jirani zetu kabisa. Mtu kwao, jamani.

Tulibishana mpaka umeme ukarudi, na uliporudi hakuna aliyefungua daftari. Kesho yake ubishi ukahamia kwenye foleni ya chakula, ukapata wafuasi wapya, na siku ya tatu watu wawili walikuwa hawasalimiani. Ndipo nilipogundua jambo lililonisukuma kuandika makala haya. Sote ni wanafunzi wa fasihi. Tunajua kulichambua shairi hadi mizani ya mwisho. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kueleza sauti ya mwimbaji ni kubwa kwa sababu gani. Majina tulikuwa nayo tele, vigezo hatukuwa navyo. "Ni tamu." "Inagusa." "Ina kitu fulani." Kitu gani? Kimya.

Makala haya yanajaribu kuvitafuta vigezo hivyo. Mwishoni nitatoa hukumu yangu, maana mhakiki anayekwepa hukumu anafanana na refa anayepuliza kipenga halafu hasemi faulo ni ya nani.

Sisi wa fasihi tunatafuta nini huko?

Huenda msomaji akauliza: sauti si kazi ya watu wa muziki? Sisi tunaingiaje? Tunaingia kwa mlango huu. Tunapofundishwa taarabu, tunapewa karatasi yenye maneno ya wimbo. Tunahesabu vina vya kati na vya mwisho, tunataja takriri na tashibiha, tunaorodhesha dhamira: mapenzi, wivu, usaliti. Mwisho tunaandika jina la mtunzi. Sasa, katika vikundi vingi vya taarabu ya zamani utaratibu ulikuwa kwamba mshairi analeta maneno, fundi wa ala anayatia muziki, halafu mwimbaji anapewa. Mara nyingi wale wawili wa kwanza ni wanaume na wa tatu ni mwanamke. Kwa hiyo tukibaki na karatasi peke yake, mwanamke anatoweka kabisa katika uhakiki wetu. Anakuwa kama spika ya redio, chombo cha kupitishia maneno ya mtu mwingine.

Wataalamu wa fasihi simulizi wametuambia siku nyingi kwamba uhai wa kazi hizi umo katika utendaji. Tunayaandika hayo kwenye mtihani, tunapata alama zetu, kisha tunarudi kwenye karatasi kana kwamba hatukusema lolote.

Aidha, mimi nina sababu yangu binafsi, na si vizuri mhakiki kuificha. Nilipokuwa kidato cha pili niliondolewa kuongoza nyimbo kwenye kwaya kwa sababu, kama nilivyoambiwa, sauti yangu ilikuwa nzito kama ya mvulana. Mwenzangu mwenye sauti nyembamba akawekwa mbele, mimi nikapelekwa safu ya nyuma "nikaongeze uzito". Sikulia. Ila tangu siku ile niliimba nikiwa nimeinamisha kichwa. Nilidhani sauti ya mwanamke ni ya aina moja tu, nyembamba na safi, na sisi wengine tulikosea kuzaliwa. Ndiyo maana sikubali kwamba mjadala huu ni wa kupitishia muda umeme ukikatika. Anayemtaja bingwa anataja pia kipimo, na kipimo hicho ndicho kitakachotumika kesho kumweka msichana fulani mbele na mwingine nyuma.

Msemo wetu wenyewe unasemaje?

Kwa Kiswahili, mwimbaji hodari husifiwa kuwa ana sauti ya kumtoa nyoka pangoni. Sisi huutumia msemo huu tukimaanisha sauti nyororo, kama zeze, kama chiriku. Lakini hebu tuusome kama wanafasihi. Msemo hausemi sauti iwe nyembamba. Hausemi iwe laini. Unasema jambo moja tu: nyoka ametoka. Kipimo chake hakimo kooni mwa mwimbaji, kimo pangoni. Kilichokuwa kimejificha, tena kitu chenye sumu, kimetoka nje na watu wamekiona kwa macho yao.

Neno lenyewe taarabu linaelekea hukohuko. Asili yake ni Kiarabu, tarab, yaani ule msisimko unaompata msikilizaji muziki unapomwingia. Kwa maana hiyo hata jina la sanaa hii linamtazama anayesikiliza, siyo anayeimba. Huko Misri Umm Kulthum, aliyefariki mwaka 1975, aliweza kuimba wimbo mmoja kwa saa nzima na kupita, akiurudia mstari uleule mara nyingi, kila mara kwa namna nyingine, kadiri hadhira ilivyomwitikia. Maneno hayakuongezeka. Kilichoongezeka ni maana, na walioiongeza ni mwimbaji na wasikilizaji wake kwa pamoja.

Kutokana na hayo napendekeza vigezo viwili. Kwanza, sauti hii imetoa nini pangoni? Pili, maneno yaleyale akipewa mwimbaji mwingine, je, wimbo unabaki uleule? Ukibaki uleule, sifa kubwa ni ya mtunzi. Ukigeuka ukawa wimbo mwingine, sifa ni ya sauti.

Kigezo cha utamu nimekiacha kwa makusudi. Siku hizi utamu unapatikana studio. Zipo programu za kunyoosha sauti, na mtu aliyeimba upogo anasikika amenyooka kama rula. Kitu ambacho mashine inaweza kukughushia hakifai kuwa kipimo cha ubingwa.

Siti binti Saad

Tuanze na mkubwa wao. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, kwa wazazi wenye asili ya bara. Alikuwa mfinyanzi, akiuza vyungu. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, akafungua njia ambayo waimbaji wote wa Kiswahili wameipita baada yake. Kabla yake taarabu ya majumba ya wakubwa wa Unguja iliimbwa kwa Kiarabu. Yeye na wenzake waliiteremsha kwa Kiswahili hadi Ng'ambo, kwa watu wa kawaida. Alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Katika fasihi yetu, waimbaji waliopewa heshima hiyo na mwandishi wa kiwango hicho ni wa kuhesabu.

Wanaompinga Siti hutumia hoja ya mkwaruzo. Wanasema santuri zile ni za kale mno, sauti inasikika kama inatoka ndani ya mtungi, utaihukumuje? Hoja hii ina ukweli wake. Santuri ya mizunguko 78 ilibeba dakika kama tatu tu kwa upande mmoja. Mwimbaji aliyezoea kukesha na hadhira yake ilimbidi aubane wimbo mpaka uingie humo. Lakini hata kwa dakika hizo tatu tunasikia sauti kali, ya puani kidogo, inayokata maneno vipande vipande kama kisu cha mboga. Si sauti ya kubembeleza hata kidogo.

Na ilitoa nini? Wimbo unaojulikana kwa jina la "Kijiti" unasimulia kisa cha kweli cha mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja. Mwanamume aliyetuhumiwa akatorokea bara, na waliokiona cha moto mahakamani wakawa wanawake wenzake. Santuri ile ilikwenda mahali ambapo karatasi ya mahakama isingefika, kwa watu wasiojua kusoma. Nyoka aliyetoka hapo ni sheria yenyewe. Aidha, Siti alipobezwa kwa sura yake na kwa kuzaliwa kwake, alijibu kwa wimbo uliotanguliza akili mbele ya sura na nasaba. Kwa kigezo cha kwanza, basi, Siti amefuzu bila swali.

Bi Shakila

Nakubaliana na mwenzetu wa Tanga kwa nusu. Shakila Saidi, mzaliwa wa Pangani aliyefariki mwaka 2016, aliimba na Black Star na Lucky Star huko Tanga, na baadaye na kikundi cha taarabu cha JWTZ. Taarabu ya Tanga ilipunguza ukubwa wa ala, ikatia gitaa na mdundo wa kuchezeka, na katikati ya wepesi huo sauti ya Shakila ikawa na nafasi ya kupumua. Kama tungehukumu kwa utamu, ningefunga makala hapa.

Lakini hata kwake nataka tusikilize kilicho chini ya utamu. Fikirini "Macho Yanacheka". Jina tu la wimbo limeshatamka mgogoro wote: usoni kicheko, moyoni jambo jingine. Karatasi itakuambia hapo kuna ukinzani, uandike, upate alama mbili. Shakila anafanya zaidi. Anaimba kwa utulivu uleule tangu mwanzo hadi mwisho, hapandishi, hapigi kelele, hajilizi. Yaani sauti yenyewe ndiyo yale macho yanayocheka. Maumivu ameyaacha msikilizaji ayakute mwenyewe. Mwimbaji mwingine angelia, na angeharibu. Hapa utamu umekuwa mbinu, umekuwa pazia, na nyoka anaonekana kivuli chake nyuma ya pazia hilo. Hii ni fani ya hali ya juu. Ila naona pango lake ni moja, la mapenzi na majonzi yake, na mara chache anatoka nje ya hapo.

Khadija Kopa

Miaka ya 1990 Dar es Salaam iligawanyika katikati kwa ajili ya vikundi viwili, TOT na Muungano. Upande mmoja Khadija Kopa, upande wa pili Nasma Khamis "Kidogo". Walirushiana mipasho na wapenzi wao wakarushiana maneno mitaani. Wasomi wengi waliidharau mipasho, wakasema imeua taarabu kwa kuondoa mafumbo. Binti wa Temeke hataki kusikia dharau hiyo, na mimi katika hili niko upande wake.

Hoja yangu ni desturi ya kutunza. Kwenye taarabu mama anainuka kitini wakati wa mstari fulani, siyo mstari wowote, anakwenda mbele akicheza taratibu, noti mkononi, na wakati mwingine jicho limeelekezwa kwa mtu aliyekaa ukumbini. Anampa mwimbaji fedha na kurudi. Ukumbi mzima umeelewa. Maana yake ni nini? Kwa dakika ile sauti ya Khadija Kopa imekuwa sauti ya mama yule. Kalipia ili asemewe. Sauti nyembamba na ya aibu haiwezi kazi hiyo. Inatakiwa sauti pana, yenye kifua, ambayo mtu mwingine anaweza kuivaa kama kanga na bado ikamtosha. Kwa kweli huo nao ni ukubwa. Tusiwasikilize wanaosema ni fujo tu.

Tatizo la Kopa liko kwenye kigezo cha pili. Mpasho unategemea ugomvi uliouzaa. Ugomvi ukipoa, sisi tusiokuwepo tunabaki na nguvu ya sauti bila kumjua aliyekuwa anapigwa. Hata hivyo damu haipotei: binti yake, Zuchu, aliyejitokeza mwaka 2020, anaimba muziki wa kizazi kingine kabisa, na mara mojamoja katika kuvuta neno unamsikia mama.

Pingamizi kutoka Bukoba

Nilipowasomea wenzangu vigezo hivi, mmoja aliyekuwa kimya muda wote, mwenyeji wa Kagera, alinishika pabaya. "Wewe unazungumza maneno, maneno. Saida Karoli je?" Mwaka 2001 Saida Karoli alitikisa nchi nzima kwa "Maria Salome", wimbo wa Kihaya. Watu wa Mtwara wasiojua neno moja la Kihaya waliuimba kwa makosa na kwa furaha. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny wakaurudia kwa namna yao, na vijana ambao hawakuwa wamezaliwa wakaucheza upya. Sasa nyoka gani katoka pangoni, ikiwa hakuna aliyeelewa maneno?

Pingamizi hili lilininyima usingizi, lakini naona mwishoni linanisaidia. Kama watu waliguswa pasipo kuelewa maneno, basi sauti ina maana yake yenyewe ambayo karatasi haina. Saida ana sauti ya shambani, ya kuita mtu aliye ng'ambo ya bonde, isiyokwenda kujifunza mjini. Kilichotoka pangoni mwaka ule ni lugha zetu za nyumbani, ambazo redio ilizizoea zikae kimya. Hiyo nayo si haba.

Bi Kidude

Fatuma binti Baraka, ambaye dunia inamjua kwa jina la Bi Kidude, alifariki tarehe 17 Aprili 2013. Mwaka wake wa kuzaliwa haukuandikwa. Wengi hukisia miaka ya 1910. Alipata tuzo ya WOMEX mwaka 2005 akiwa bibi kizee, na aliendelea kupanda jukwaani akiwa na umri ambao wengine wanahitaji kushikwa mkono kwenda uani. Aliimba taarabu, na pia alikuwa kungwi wa unyago, akijifunga ngoma ya msondo na kuipiga mwenyewe. Kwetu wanasema ngoma ikivuma sana hupasuka. Ya Bi Kidude ilivuma miaka yote hiyo na haikupasuka.

Sauti yake? Kwa kipimo cha kwaya yangu ya kidato cha pili, angepelekwa safu ya nyuma, au nje kabisa. Ni nzito, imekwaruza kama mlango wa zamani, na uzeeni pumzi zilikuwa zinaonekana. Lakini sasa tutumie kigezo cha pili, maana kwa bahati nzuri tuna ushahidi. "Muhogo wa Jang'ombe" ni wimbo wa Siti. Bi Kidude aliupokea, akauimba miaka mingi, na watu wengi leo wanadhani ni wake. Kwa Siti wimbo ule ni mwepesi, unakwenda mbio, ni wa mwanamke anayejua watu wanamtazama. Kwa Bi Kidude unaburuta. Anachelewa nyuma ya ala kwa makusudi, analiachia neno dakika ya mwisho kama mtu anayelipa deni asilolipenda. Maneno ni yaleyale, lakini yule wa kwanza anatania na huyu wa pili anakumbuka. Ukiandika kwenye karatasi huoni tofauti yoyote. Mhakiki wa karatasi atasema ni wimbo mmoja. Sikio linasema ni nyimbo mbili.

Na pangoni? Unyago ni chuo cha faragha cha wanawake, mahali ambapo mwali anafundishwa mwili wake na maisha yake. Mafunzo hayo yamekaa ndani miaka na miaka. Bi Kidude aliutoa mdundo ule nje, mbele ya wanaume, mbele ya Wazungu, bila haya na bila kuomba radhi. Wapo waliokasirika, na hasira yao naielewa, kwa sababu siyo kila kilichofichwa kimefichwa kwa ubaya. Lakini hakuna awezaye kusema nyoka hakutoka.

Rose Muhando, na aibu ya kumhukumu mtu wa kwenu

Sasa nyumbani. Mkoa wetu wa Morogoro, mji kasoro bahari, unasifika kwa muziki. Lakini taja majina: Salum Abdallah na Cuban Marimba, Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz. Wote wanaume. Sisi wasichana wa Kilosa tulikua tukisikia kwamba muziki wa kwetu una sauti ya kiume, mpaka alipotokea dada wa Dumila. Rose Muhando alizaliwa mwaka 1976, akatokea kwenye kwaya huko Dodoma, na albamu yake ya "Mteule Uwe Macho" ya mwaka 2004 ilipigwa katika kila basi lililopita barabara ya Morogoro na Dodoma. Mwaka 2011 akatia saini mkataba na kampuni ya Sony. Mtu wa Dumila! Mvumi tulitembea vifua mbele.

Na tazameni: sauti yake nayo si nyembamba. Ni nzito, ina mchanga ndani yake. Anaanza chini kama anasimulia, anakemea, anauliza, waitikiaji wanajibu, halafu anapanda juu yao kama mtu anayepanda mti huku akizungumza. Mimi nikimsikiliza nasikia muundo wa ngoma za kwetu, wa mwanzishaji na waitikiaji, ulioingia kanisani ukavaa viatu. Kilichotoka pangoni kwake ni hofu ya muumini ambaye, pamoja na kusali, bado anaumwa, bado ni maskini, bado ana maadui. Nyimbo nyingi za dini huificha hofu hiyo. Yeye anaiimba.

Basi kwa nini nisimpe ushindi? Kwa sababu ya kigezo changu mwenyewe. Nyimbo za Rose zinaimbwa na kwaya nyingi mno, Tanzania na Kenya. Nimezisikia harusini, misibani, kwenye mahafali. Na kila mahali zinasimama vizuri. Hazigeuki sana. Hii inanionyesha kwamba Rose ni mtunzi mkubwa kuliko hata tunavyomsifu, mtunzi ambaye kazi yake inaweza kuishi bila koo lake. Lakini mjadala wetu ni wa sauti. Nyumbani mtanisamehe.

Mwenzetu wa Unguja, ajabu ni kwamba ndiye aliyemtetea Rose hapo. Akasema: "Kipimo chako kimepinda. Fasihi simulizi inaishi kwa kupokezana. Wimbo ambao mwingine hawezi kuuimba, utakufa na mwenyewe. Sasa unatoa tuzo kwa kifo?" Hoja nzito hii, na sikuweza kuijibu siku ile. Leo najibu hivi: sikusema mwingine asiweze kuuimba. Nilisema akiuimba, uwe mwingine. Wimbo wa Siti haukufa kwa kupita kwa Kidude, ulizaa. Sauti kubwa haifungi mlango, ila inamlazimisha anayekuja baadaye aje na sauti yake mwenyewe, siyo kuiga.

Sauti ambayo haikurekodiwa

Likizo iliyopita nilikwenda Mvumi na simu yangu, nimekusudia kumrekodi bibi yangu mzaa mama. Yeye ndiye mwanzishaji wa nyimbo kijijini kwetu, kwenye kumtoa mwali, kwenye kupalilia mahindi, hata msibani. Nikamwambia, "Shikamoo bibi, naomba uniimbie." "Marahaba. Nikuimbie kwani una nini? Umevunja ungo leo? Umefiwa?" Akaendelea kupepeta mchele wake. Akaniambia wimbo bila shughuli ni kama uchungu bila mtoto.

Nikangoja. Wiki ya pili jirani walikuwa na mwali, na bibi akaimba. Nilirekodi dakika 11. Nilipozirudia huku chuoni, zilijaa ngoma, vigelegele na mtoto anayelilia andazi. Bibi anasikika kwa mbali, sauti imekwaruza, imezama, kisha inapanda ghafla na wanawake wote wanaitika kwa mpigo mmoja. Mwenzetu wa Tanga akasikiliza kidogo akasema, "Mbona sauti yenyewe imekauka?" Nikamwambia asikilize waitikiaji, asimsikilize bibi. Akasikiliza tena. Hakusema kitu, ila aliomba nimrushie.

Bibi yangu hatakuwa kwenye orodha ya mtu yeyote. Wala mimi simwingizi kinyemela. Namtaja kwa sababu ni yeye aliyenifundisha, kwa kukataa kuimba, kile ambacho ubishi wetu wa siku tatu haukunifundisha: kwamba sauti haipo peke yake, ipo pale inapohitajika.

Hukumu

Nimeahidi hukumu, naitoa. Kwa utamu, Bi Shakila. Kwa kuwasemea wengine, Khadija Kopa. Kwa utunzi na sauti katika mtu mmoja, Rose Muhando. Kwa kufungua njia, Siti binti Saad, na bila yeye tusingekuwa na cha kubishania. Lakini ubingwa wa sauti nampa Bi Kidude, kwa sababu alichukua hata wimbo wa mkubwa wake akaufanya uwe mwingine bila kubadili maneno, na kwa sababu alithibitisha mbele ya dunia nzima kwamba sauti ya mwanamke inaweza kuwa nzito, ya kukwaruza na ya kizee, na bado nyoka akatoka.

Kwa walimu na wanafunzi wenzangu ninalo ombi moja. Tukipewa tena karatasi yenye maneno ya taarabu, tuulize kwanza: hii iliimbwa na nani, na aliiimbaje? Kisha ndipo tuhesabu mizani.

Na kwa msichana yeyote aliyepelekwa safu ya nyuma: inua kichwa, mdogo wangu. Kipimo walichokutumia ni kimoja tu kati ya vingi.

Mwenye hoja nyingine na alete, uwanja uko wazi. Mwenzetu wa Tanga ameshaanza kuandika majibu, na nasikia hayatakuwa na huruma.